Mwenye Jibu Mkononi

Anayeuliza swali huku jibu analo tayari ana nguvu juu ya anayeulizwa. Mwalimu anayo nguvu hiyo darasani, hakimu anayo kortini, na askari wa trafiki anayo barabarani anapokuuliza leseni yako inaisha lini, ilhali leseni yenyewe ameishika. Wengi wetu tulianza kuyaogopa maswali ya namna hiyo kabla hatujajua kusoma. Lakini yuko mtu ambaye kuuliza ndiko kunakompa riziki, majibu yote yako kwenye kadi zake, na bado watu huvaa nguo zao nzuri, wakatoka nyumbani kwa hiari yao na kwenda kuulizwa mbele ya nchi nzima. Huyo ni mwendeshaji wa chemsha bongo kwenye televisheni. Nimeipenda kazi yake tangu utotoni, na naamini ni fani ambayo hatujaipa heshima inayostahili.

Ukimtazama kwa haraka utaona suti, tabasamu na sauti. Utasema hata wewe ungeweza, kwani si anasoma tu yaliyoandikwa? Kusoma ni sehemu ndogo. Swali likishamtoka kinywani, studio inagawanyika pande mbili: anayejua na asiyejua. Anayejua hana shida, jibu lake litamtetea. Asiyejua amebaki peke yake chini ya taa, jasho linamtoka, na mama yake yuko nyumbani anatazama pamoja na majirani. Namna mwendeshaji anavyomshika mtu huyo katika sekunde chache zinazofuata ndiyo kazi yenyewe. Mengine ni mapambo.

Wazee wetu walilijua jambo hili zamani, kabla televisheni haijafika Kenya mwaka 1962. Kitendawili kikitegwa na waliopo wakashindwa kukitegua, hakuna anayeitwa mjinga. Mtegaji huomba mji. Atapewa Mombasa; akiukataa atapewa Lamu au Zanzibar; na akiridhika atafunga safari kwa maneno, aseme alikwenda mji ule, akapokewa na wenyeji, akala akashiba, akasifiwa, halafu ndipo atoe jibu. Aliyeshindwa amegeuka kuwa mtoaji, tena mtoaji wa mji mzima, na kicheko kimekwenda kwenye hadithi ya safari badala ya kumwangukia yeye usoni. Wakalenjin wa huku Uasin Gishu nao wana vitendawili vyao, tangoch, vilivyowafundisha watoto wengi kufikiri kabla ya kufika shuleni. Siku hizi mtoto wa Langas au Huruma anayecheza mchezo huu anaweza kutoa Eldoret yenyewe na mtegaji asilalamike kwamba amepewa kimji kidogo, maana tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji, la tano nchini.

Kwa watu wa rika langu, aliyetuonyesha kwamba ufundi huu unaweza kuhamia kwenye skrini na usipoteze utu wake ni John Sibi-Okumu. Palikuwa na shindano la vyuo vikuu lililoanza kwa jina la Celtel Africa Challenge, na kampuni hiyo ya simu ilipobadili jina likaitwa Zain Africa Challenge. Wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanzania, na baadaye wa nchi nyingine za Afrika, walikaa pande mbili, kengele ziko mbele yao, na Sibi-Okumu ndiye aliyekuwa muulizaji. Muundo wake ulitokana na College Bowl ya Marekani, iliyoanza redioni mwaka 1953 na kuingia kwenye televisheni mwaka 1959, ambayo Waingereza waliichukua mwaka 1962 wakaiita University Challenge. Kwanza linakuja swali la kunyang'anyana, anayewahi kengele anajibu. Akipata, timu yake inapewa maswali ya ziada ya kushauriana.

Ni lazima mtu akumbuke hali ilivyokuwa ili aelewe kwa nini kipindi kile kilitugusa. Sisi tunaoishi karibu na Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 huko Kesses, tulikuwa tumezoea kumwona mwanafunzi wa chuo kwenye taarifa ya habari siku ya mgomo, mawe barabarani na moshi wa vitoa machozi. Ghafla huyu hapa, kijana yuleyule, amevaa vizuri, anaulizwa kuhusu elementi za kemia, wafalme wa Ethiopia na mito ya Asia, na anajibu. Wazazi waliokuwa wakiuza ng'ombe kulipa karo walipata kuona kile walichokuwa wakikilipia.

Sibi-Okumu hakuwa mtu wa mbwembwe. Alikuwa amefundisha Kifaransa, akaigiza jukwaani kwa miaka mingi, akasoma habari kwenye televisheni, na akaonekana katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005 kama Daktari Joshua Ngaba. Ni mwandishi wa tamthilia pia. Mojawapo, Kaggia, inahusu Bildad Kaggia, mmoja wa wale sita walioshtakiwa Kapenguria. Ukitazama orodha hiyo unaweza kudhani ni mtu aliyerukaruka kazi. Mimi naiona kama njia moja iliyonyooka iliyomfikisha kwenye kiti kile. Uigizaji ulimfundisha kutulia mahali ambapo mwingine angejaza maneno. Kusoma habari kulimpa sauti isiyopendelea mtu. Lakini kilichozaa matunda zaidi, kwa maoni yangu, ni ule ualimu wa lugha ya kigeni. Mwalimu wa Kifaransa hushinda kutwa akisikia makosa. Kila kinywa kinachofunguliwa mbele yake kinakosea, na anajua kwamba akimcheka mtoto kosa la kwanza, mtoto huyo atafunga mdomo mpaka siku ya mtihani. Kwa hiyo hujifunza kulipokea kosa kwa uso uleule anaolipokelea jibu sahihi, kulisahihisha kwa ufupi, na kusonga mbele. Hivyo ndivyo alivyowafanyia wale vijana. Aliyekosa aliambiwa amekosa, waziwazi, bila huruma ya uongo na bila kejeli, na swali lililofuata lilimkuta bado ni mshindani.

Nina lalamiko moja tu. Shindano lile lilikuwa kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, na Kiswahili, ambacho kingeweza kuwaunganisha Wakenya, Watanzania na hata Waganda wengi waliokuwa sebuleni, hakikupata nafasi. Mwaka 2010 biashara ya Zain katika nchi nyingi za Afrika ilinunuliwa na Bharti Airtel ya India, na leo shindano lile halipo.

Kuna sehemu ya kazi hii ambayo mtazamaji haioni kabisa, nayo ni maandalizi. Alex Trebek, Mkanada aliyeendesha Jeopardy! nchini Marekani kuanzia Septemba 1984 hadi alipofariki Novemba 2020, alirekodi vipindi vitano kwa siku moja ya kazi. Kila kipindi kina vidokezo 61. Asubuhi, kabla ya taa kuwashwa, alikuwa akikaa na vidokezo vya siku nzima, akivipitia kimoja kimoja kwa kalamu, akiweka alama mahali pa kukaza sauti na mahali pa kuvuta pumzi, ili jina la mto wa Urusi au la mtunzi wa Italia litoke kinywani mwake lilivyo kwao. Ukiyajumlisha hayo kwa miaka 36 utaona ni kisomo cha namna gani. Na alifanya yote hayo kwa ajili ya jambo ambalo huenda hakuna aliyeligundua: mshindani asije akakosa kwa sababu muulizaji amelitamka vibaya swali.

Trebek pia alishiriki katika badiliko moja dogo lenye maana kubwa. Katika msimu wake wa kwanza, washindani waliruhusiwa kubonyeza kitufe kabla hajamaliza kusoma. Kengele zikawa zinamkata kauli kila mara. Kuanzia mwaka 1985 vitufe vilifungwa mpaka amalize neno la mwisho. Washindani wakawa na usawa, na mtu wa nyumbani naye akapata muda wa kusoma swali lote na kujibu kwa sauti akiwa kwenye kochi lake. Huyo wa nyumbani ndiye mshindani mkubwa kuliko wote, na mwendeshaji mzuri hamsahau. Baba anayejibu kabla ya mwanafunzi wa chuo, halafu akawatazama watoto wake bila kusema neno, amepewa zawadi isiyoandikwa kwenye hundi yoyote.

Kisha kuna ukimya. Mnamo Septemba 1998 Waingereza walianzisha Who Wants to Be a Millionaire?, Chris Tarrant akiwa mwendeshaji, na waliobuni mchezo ule walifanya jambo la ujasiri: waliondoa saa. Maswali 15, majibu manne ya kuchagua, misaada mitatu, na mshindani afikirie apendavyo. Anaweza kuliona swali, akaogopa, akachukua fedha zake na kuondoka. Saa ikishaondolewa, muda unakuwa mali ya mwendeshaji. Yeye ndiye anayeamua ukimya udumu kiasi gani kabla ya kuuliza kama hilo ndilo jibu la mwisho. Akiuvunja mapema, mchezo unapoa. Akiuvuta kupita kiasi, anakuwa mtesaji. Kati ya hayo mawili pana nafasi nyembamba, na ni sikio tu linaloweza kukuonyesha ilipo.

India waliuchukua mchezo huo mwaka 2000 wakampa Amitabh Bachchan. (Kwao unajulikana kwa herufi KBC, ambazo kwetu ni za shirika la utangazaji la taifa.) Bachchan alikuwa nyota mkubwa wa sinema ambaye kampuni yake ilikuwa imeanguka na kumwachia madeni, na kiti cha muulizaji ndicho kilichomrudisha kwenye mapenzi ya watu. Nadhani kilimrudisha kwa sababu ya adabu yake. Mkulima wa kijijini akiketi mbele yake anasogezewa kiti, anaitwa kwa heshima, na anaulizwa habari za kwao kana kwamba mgeni rasmi ni yeye. Uganda walipopata toleo lao mwaka 2011, waliliweka mikononi mwa Alan Kasujja, aliyekuwa ameivishwa na redio ya asubuhi Kampala. Mwaka uliofuata alikwenda BBC kuendesha kipindi cha Newsday. Sioni ajabu yoyote. Aliyejua kumngoja mshindani afikirie anajua pia kumngoja waziri amalize kukwepa swali, kisha akamuuliza tena.

Fani yoyote yenye nguvu hivi ina siku yake ya aibu, na ya hii ilikuwa Marekani katika miaka ya 1950. Kipindi cha Twenty-One, kilichoendeshwa na Jack Barry, kilikuwa na mshindi aliyeitwa Herbert Stempel, kijana wa New York mwenye kumbukumbu ya ajabu. Watazamaji walianza kumchoka, au wenye kipindi walidhani wamemchoka, wakamwambia ashindwe na Charles Van Doren, mhadhiri kijana mwenye sura nzuri na ukoo wenye jina. Wakamchagulia hata swali la kuangukia: ni filamu gani iliyoshinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955? Jibu lilikuwa Marty. Stempel alilijua, ilikuwa filamu aliyoipenda. Tarehe 5 Desemba 1956, ndani ya kile kibanda cha vioo, alijifanya anafikiri, akajifuta jasho kama alivyofundishwa, akasema On the Waterfront.

Kila ninapokumbuka kisa hicho hainiumizi sana kwamba watu walipewa majibu mapema. Udanganyifu wa majibu tunaujua hata hapa kwetu, tumeuona katika mitihani. Kinachoniumiza ni mtu kulazimishwa aonekane hajui jambo analolijua, mbele ya mamilioni, ili mwingine apendeze. Ni kinyume kamili cha kazi hii. Mwaka 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge, na mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria ya kuharamisha mashindano ya kupangwa. Vipindi vya maswali vilipoteza imani ya watu kwa miaka kadhaa. Jeopardy! yenyewe, iliyoanza mwaka 1964, ilizaliwa na wazo la mke wa Merv Griffin aliyemwambia mumewe: wape washindani majibu waziwazi, na wao watoe maswali.

Imani ndiyo mtaji wa muulizaji, na hapa Kenya hakuna aliyekuwa nayo kumzidi Leonard Mambo Mbotela. Najua hakuwa mwendeshaji wa mashindano ya zawadi. Lakini kuanzia mwaka 1966, katika Sauti ya Kenya, alikuwa na kipindi ambacho kwangu ni ndugu wa damu wa chemsha bongo: Je, Huu ni Ungwana? Angeeleza mwenendo fulani wa watu, kwa utaratibu, kwa sauti yake ya Mombasa iliyokulia Freretown, kisha angeuliza. Msikilizaji alijibu mwenyewe nyumbani, na mara nyingine alijikuta anajibu kuhusu nafsi yake. Hakuna aliyetajwa jina. Mkosaji alipewa nafasi ya kujirekebisha kimyakimya, bila mke wake kujua kwamba ndiye aliyekuwa akizungumziwa. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waliojaribu kupindua serikali walimtoa nyumbani na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imeanguka. Walikuwa na bunduki za kutosha, lakini walijua nchi haitaamini mpaka isikie sauti ile. Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025. Kila kijana anayetaka kushika maikrofoni Kenya na atafute rekodi zake asikilize.

Maana vijana hao wapo, na hawaanzii studio. Hapa Eldoret shule yao ni barabara. Simama karibu na steji siku ambayo kampuni ya sabuni au ya unga imeleta lori la promosheni, spika zimepangwa hadi juu, wachezaji wamevaa fulana za rangi moja. Mfawidhi amesimama kwenye lori anauliza maswali, na zawadi ni paketi ya bidhaa. Nimewaona wengi wa hovyo, wanaomwita mtu jukwaani ili umati upate wa kucheka. Lakini nimemwona pia mmoja ambaye ningempa kipindi cha televisheni siku hiyohiyo. Alimpandisha bibi mmoja aliyekuwa amebeba kikapu cha mboga. "Chamgei, kogo!" akamwamkia, na bibi akaitikia. Akamuuliza paketi ile ina uzito gani. Bibi alijibu kwa Kinandi, maikrofoni ikiwa mbali na mdomo, na waendesha bodaboda wakaanza kuangua kicheko. Kijana yule hakucheka nao. Alishuka hatua moja, akaja kusimama ubavuni pa bibi, wote wawili sasa wakiukabili umati, akalirudia jibu lake kwa Kiswahili kwa sauti kubwa, kisha akasema, "Kogo amepata! Nani kati yenu alikuwa anajua?" Kimya. Wakapiga makofi.

Ni pale aliposimama palipomaliza kazi. Muulizaji akikukabili, wewe ni mshukiwa. Akija upande wako, umati wote unakuwa mgeni wenu. Hakuna aliyemfundisha hilo chuoni.

Magnus Magnusson alikuwa na namna yake ya kufanya jambo hilohilo. Alizaliwa Iceland akakulia Scotland, na aliendesha Mastermind ya BBC kutoka mwaka 1972 hadi 1997. Mchezo ule ulibuniwa na Bill Wright, aliyekuwa mfungwa wa vita na kuhojiwa na Gestapo, na ndiyo sababu una kiti cheusi, taa moja na giza pande zote. Mazingira ni ya kutisha kwa makusudi. Lakini maswali yakiisha, muulizaji humrudia mshindani na kumpa jibu la kila swali aliloliruka. Mtu haondoki na shimo. Anaondoka na kile alichokikosa, kimewekwa mkononi mwake na yuleyule aliyemuuliza.

Nilipata kuliona jambo hili likifanyika katika ukumbi wa shule moja hapa Eldoret, kwenye mashindano ya maswali ya shule za upili. Muulizaji alikuwa mwalimu mzee mwenye koti la kahawia na kadi zilizokatwa kwa mkono kutoka kwenye maboksi. Swali lilikuwa hili: maji ya Mto Sosiani, unaopita hapa mjini, huishia ziwa gani? Msichana wa kidato cha pili, kutoka upande wa Moiben, aliwahi kengele. Akasema Ziwa Baringo. Ukumbi ukacheka, na timu ya pili ikacheka zaidi. Mwalimu aliinua kiganja mpaka sauti zikaisha.

"Binti yangu, umenipa ziwa la kweli, tena la jirani," akasema. "Sosiani hauelekei huko. Nawapa wenzako."

Wenzake waliokuwa wakicheka wakasema Turkana. Hapo hakuna aliyecheka. Mwalimu angeweza kuutangazia ukumbi jibu na kuendelea, lakini alimgeukia yule msichana. "Wewe ndiwe uliyeanza, kwa hiyo jibu ni lako. Ziwa Victoria. Sosiani unaingia Kipkaren, Kipkaren unaingia Nzoia, na Nzoia unakwenda Victoria." Alilisema polepole, kama anayempa mtu maelekezo ya njia. Swali lililofuata, kengele ya kwanza kulia ilikuwa ya msichana huyo.

Sasa tazama tulicho nacho leo. Washa televisheni yako jioni na uhesabu ni mara ngapi utaambiwa utume fedha kwa simu ili uingie kwenye droo. Mtangazaji anapiga kelele, namba inazunguka, mtu wa Kitale au Kisii anapigiwa simu na kuambiwa ameshinda, anapiga mayowe, basi. Hakuna swali. Mahali pasipo swali hapana asiyejua, na mahali pasipo asiyejua mwendeshaji hana kazi ya kufanya. Amebaki kuwa mchuuzi. Aprili 2025 Bodi ya Kusimamia Kamari ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na ilikuwa sawa kufanya hivyo. Lakini kusimamisha tangazo hakujazi pengo. Vijana waliokuwa wakitazama droo walihitaji kitu kingine cha kutazama, na hawakupewa.

Bahati haimfundishi mtu, na wala haimpi heshima ya kukosa. Aliyekosa kwenye droo hakufanya lolote. Alituma shilingi zake zikapotea. Aliyekosa swali la Mto Sosiani alifikiri, akathubutu, akasema neno mbele ya watu. Huyo anastahili mtu mwenye ufundi wa kumpokea.

Kwa hiyo nawaomba wenye vituo vya televisheni, na KBC kwanza kwa kuwa ni ya umma: turudishieni chemsha bongo yenye maswali ya kweli, na safari hii iwe kwa Kiswahili. Msiifungie Nairobi. Ileteni Eldoret, ambako tuna Chuo Kikuu cha Moi, Chuo Kikuu cha Eldoret, shule za upili zilizojaa watoto wanaosoma usiku kwenye baridi, na wazee wanaojua majina ya mito yote. Maswali yatoke kwenye vitabu na yatoke pia kwenye mashamba ya mahindi, viwanja vya riadha na historia ya hapa. Mkifika wakati wa kumchagua mwendeshaji, msimpime kwa sauti wala kwa sura. Mwekeni mbele ya mtu aliyekosa jibu, mwangalie atakavyomfanyia, kisha mwamue.